Kisumu chini ya hati mbili: siasa, mila na umbo la jiji

Kisumu, jiji la Kenya kando ya Ziwa Victoria, ukitoka mtaa wa Milimani ukavuka Ring Road kuingia mtaa wa Nyalenda, ni hatua chache tu lakini kila kitu kinabadilika. Upande mmoja ploti ni pana, barabara zimenyooka na miti imepandwa kwa mstari. Upande wa pili njia inapinda kufuata ua wa mtu, inakatishwa na ukuta wa choo, kisha inaibukia nyuma ya duka. Watu husema huku palipangwa na kule hapakupangwa, au huku kuna pesa na kule hakuna. Yote mawili yana ukweli, ila hayaelezi kwa nini mabadiliko yatokee hapo hasa. Karibu na barabara hiyo ndipo ulipopita mpaka wa sheria ya ardhi. Ndani yake ardhi ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, ikikodishwa kwa muda maalum. Nje yake ilikuwa ya koo. Tangu hapo tawala zimepokezana na mpaka wa manispaa umesogezwa mbali, lakini hati za pande hizo mbili zimebaki tofauti, na tofauti hiyo imeamua umbo la jiji kuliko ramani yoyote ya wapangaji.

Tuanze na reli. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901 na kituo kikaitwa Port Florence. Wakati huo eneo lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Mji ulibuniwa kwa kazi moja: kushusha mizigo kwenye behewa na kuipakia melini. Kwa hiyo ardhi tambarare iliyo kando ya maji ilipewa reli, gati, karakana na maghala. Asiyejua hili hushangaa kwa nini jiji la ziwani limelipa ziwa kisogo. Ziwa lilikuwa uwanja wa kazi, na mwananchi alibakiziwa sehemu chache za kulifikia, kama Dunga na Hippo Point.

Nyuma ya bandari watu waligawanywa kwa rangi. Wazungu walichukua mwinuko wenye upepo, Wahindi wakapewa barabara za biashara, na wafanyakazi Waafrika wakawekwa pembeni. Hoja iliyotumiwa ilikuwa afya. Tauni ilikuwa imepiga miji ya reli mapema katika karne ile, na mtaalamu wa afya William Simpson, aliyetumwa na serikali ya Uingereza mwaka 1913, akapendekeza makazi ya jamii hizo yatengwe na yawe na ukanda wazi katikati. Mwaka 1923 London ilitangaza kwamba utengano wa makazi mijini hautakuwa tena sera. Kwenye karatasi, basi. Katika mji wenyewe kazi ile ile ilifanywa na masharti ya hati: ukubwa wa ploti, thamani ya chini ya jengo linaloruhusiwa, na idadi ya nyumba katika ploti moja. Sharti la nyumba moja kwa ploti ya nusu ekari halihitaji kutaja rangi ya mtu.

Masharti hayo yaliacha alama ambazo bado zinaonekana. Maduka ya zamani katikati ya mji yalijengwa duka mbele, familia nyuma au ghorofani, na kibaraza chenye paa juu ya njia ya watembea kwa miguu. Nyuma ya safu ya maduka huwa kuna kichochoro kinachopita sambamba na barabara kuu. Kilikuwa njia ya wafanyakazi wa manispaa waliokuja kuondoa ndoo za choo kabla ya mabomba ya maji taka kufika, na ndiyo maana kina upana wa kupitisha mkokoteni na milango yake yote ni ya huduma. Ndoo zilipoisha, kichochoro kilikosa kazi rasmi, na leo utakuta mafundi viatu, jiko la chakula cha mchana na majenereta. Mipango mingi ya kurembesha katikati ya jiji huvisahau vichochoro hivi, jambo ambalo naona ni upungufu, kwa sababu ni ardhi ya umma ambayo tayari ipo, haihitaji kununuliwa, na ina kivuli.

Makazi ya Waafrika yalikuwa na fikra yake. Hadi miaka ya 1940 mfanyakazi alichukuliwa kuwa mwanamume mseja wa muda, ambaye mke na shamba vimo kijijini. Akapewa chumba. Ripoti ya Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1955, ndiyo iliyosukuma wazo kwamba Mwafrika anaweza kuishi mjini na familia yake kwa kudumu. Chumba kimoja, hata hivyo, kilikuwa kimeshakuwa kipimo cha nyumba ya kupanga, na hakijaondoka.

Sasa tuvuke mpaka. Nje ya mji ule mdogo ilikuwa ardhi ya akiba ya Waafrika. Kuanzia Mpango wa Swynnerton wa 1954, yaani mpango wa serikali ya kikoloni wa kubadilisha kilimo na umiliki wa ardhi, kisha chini ya sheria za 1963 na 1968, mashamba ya ukoo yalipimwa na kuandikishwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, kwa umiliki wa kudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 manispaa ikapanuliwa ikayameza. Eneo la Kisumu likafika takriban kilomita za mraba 417, zaidi ya theluthi yake ikiwa maji. Kwa siku moja ya kisheria, mkulima wa Nyalenda, Manyatta au Kogony akawa mkazi wa mjini bila kuhama na bila hati yake kuguswa. Manispaa ilipata wajibu juu ya ardhi ambayo haikuwa na hata mita moja ya barabara iliyotengwa. Njia nyingine ilikuwa serikali kuitwaa ardhi kwa lazima na kulipa fidia, kama ilivyofanya Kanyakwar, na huko malalamiko ya wenyeji yameendelea kwa miongo.

Umbo la mashamba yenyewe lilitokana na mila ya urithi. Katika boma la Wajaluo nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango kutoka upande wa juu, wake wengine hufuata pande mbili kwa mpangilio, na wana wa kiume hujenga simba, yaani kijumba cha kijana, karibu na lango. Simba ni ya muda. Mwana akishakuwa na familia hutarajiwa kutoka na kuanzisha boma lake, na baba hugawa shamba kwa vipande virefu ili kila mmoja apate sehemu ya juu ya kujenga na sehemu ya chini yenye unyevu ya kulima. Kijijini huo ni ugawaji wa haki kabisa. Mjini unatoa vipande vyembamba kama rula, na hapo ndipo barabara inapokwama.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kipande kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 150, yaani robo tatu ya ekari hivi. Barabara ya mita 9 ikipita kwa urefu wake inameza mita za mraba 1,350, asilimia 45 ya urithi wa mtu. Hata ukiipunguza iwe ya mita 6 anapoteza asilimia 30. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali, kwa hiyo anaacha njia ya mita moja na nusu na kujenga. Kinyume chake, ekari moja yenye umbo la mraba, futi 209 kila upande, inatoa ploti nane na barabara ya mita 9 katikati. Kila ploti inapungua futi 15 tu kwa kina. (Ndiyo maana ploti inayotangazwa kuwa "hamsini kwa mia" mara nyingi ukiipima unapata tisini.)

Kwa vipande vyembamba suluhisho lipo, nalo ni majirani wawili kutoa kila mmoja mita 4.5 kwenye mpaka wao wa pamoja. Hasara inashuka hadi asilimia 22.5 kwa kila mmoja, na wote wanapata ploti zinazotazama barabara, ambazo bei yake ni ya juu. Majirani hao kwa kawaida ni ndugu au binamu, kwa hiyo mazungumzo yanawezekana. Yanachohitaji ni mpangilio: kwanza makubaliano ya maandishi, pili mpangaji aliyesajiliwa achore mgawanyo wa mashamba yote mawili kama kitu kimoja, tatu kaunti iidhinishe, nne serveya apige bikoni (alama za mpaka), na barabara iandikishwe kwenye ramani ya ardhi kama ardhi ya umma. Kinachoharibu ni haraka ya mmoja. Akiuza kipande chake kabla ya hatua ya pili, mnunuzi hujenga ukuta hadi kwenye bikoni, na barabara imekufa. Kosa jingine ni kuiacha nafasi ya barabara shambani bila kuiandikisha. Mwenye shamba akifariki, warithi wanaikuta bado kwenye hati ya baba yao na kuiuza kihalali.

Halafu kuna makaburi. Mwenye boma huzikwa ndani ya boma lake, na sheria ya umiliki wa kudumu haikumzuia. Uzito wa jambo hili nchi nzima iliuona katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, ambapo Mahakama ya Rufaa mwaka 1987 iliupa ukoo haki ya kumzika Nyanza badala ya mahali alipotaka mjane. Kwa mchora barabara, kaburi ni kizuizi kigumu kuliko nyumba ya ghorofa. Nyumba ina bei. Kuhamisha mabaki kunahitaji kibali cha kisheria, na kibali chenyewe hakimalizi kazi iwapo familia haijaridhia. Baadhi ya kona zinazoonekana hazina maana Manyatta zina maana hiyo.

Mila hiyo hiyo imeamua aina ya nyumba. Kwa wapangaji wengi nyumba ya heshima ni ile ya kijijini, ambako watazikwa. Ya mjini ni ya kulala. Mwenye ardhi naye anajenga kwa ajili ya soko hilo. Katika ploti ya futi 50 kwa 100 anapanga safu mbili za vyumba vya futi 10 kwa 10 zinazotazamana, tisa kila upande, ua katikati, vyoo na bafu mwishoni. Vyumba 18 vya kaya 18, vinavyojengwa viwili viwili kadiri kodi inavyoingia. Kwa mtu asiye na mkopo wa benki ni mpango wenye busara. Tatizo liko chini ya ardhi.

Nyalenda iko chini, karibu na usawa wa ziwa, na sehemu kubwa ina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji ya chini yako karibu na uso. Choo cha shimo hujaa mapema, mara nyingine kwa maji ya mvua tu, na kisima cha kuchimba kwa mkono kiko ploti hiyo hiyo. Umbali unaoshauriwa kati ya choo na kisima ni mita 30, na mita 30 ndio urefu mzima wa ploti. Lori la kunyonya maji taka halipiti kwenye njia ya mita moja na nusu, hivyo shimo linachotwa kwa mikono usiku na kumwagwa mtaroni. Mto Auji hupeleka mengine ziwani. Mabwawa ya kusafishia maji taka yako hapo hapo Nyalenda, lakini mabomba yanayoyalisha yalifuata barabara, na kwingi ndani ya mtaa hakuna barabara za kufuata.

Kampuni ya maji ya Kisumu ilizunguka kikwazo hicho kwa njia inayostahili kuelezwa. Badala ya kufikisha bomba kwa kila mlango, iliweka mita kubwa ukingoni mwa mtaa na kuuza maji kwa jumla kwa msimamizi anayetoka mtaani humo. Yeye ndiye anayesambaza, kukusanya pesa na kuziba panapovuja. Maji yaliyokuwa yakiibwa yalipungua, kwa kuwa mwizi sasa anamwibia jirani. Udhaifu wake ni kwamba mabomba madogo yamelazwa juu juu kando ya njia. Yakikanyagwa yanapasuka, na mgao ukikatika, ule ufa huvuta maji machafu ya mtaroni. Bodaboda nazo zimepunguza kilio cha kutaka barabara. Pikipiki hutosheka na njia ya mita moja na nusu, kwa hiyo shinikizo la kufungua barabara limepungua, hadi siku ya moto.

Siasa ya taifa ilipita juu ya haya yote na kuongeza tabaka lake. Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali kuu iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ambayo wakazi hadi leo huiita Russia. Yeye na kiongozi wa upinzani Jaramogi Oginga Odinga wakarushiana maneno hadharani, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. KPU, chama cha Odinga, kikapigwa marufuku muda mfupi baadaye. Mkoa wote ukaingia katika kipindi kirefu cha kuwa upande wa upinzani, wakati ambapo lami iligawiwa kwa upendeleo. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Meli ya kubeba mabehewa, MV Uhuru, iliyozinduliwa 1966 kwa ajili ya soko la nchi tatu, ikaanza kukosa mzigo.

Bandari ilipolala, ardhi ya reli kando ya maji haikubaki tupu. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilistawi pale, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akapata mahali pa kukaa katikati ya mji akitazama ziwa. Hakuna mchoro ulioagiza hivyo. Mwaka 2019 serikali ilipoamua kufufua bandari na MV Uhuru, vibanda vilibomolewa, na Februari 2021 makazi ya Wanubi wa Kibos nayo yakaangushwa usiku kwa sababu ya njia ya reli. Hati ya reli ilikuwa pale muda wote. Shirika linalomiliki ardhi linaweza kunyamaza miaka arobaini na kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa ruhusa, somo ambalo wafanyabiashara wa pembezoni mwa reli kote Kenya hulijifunza kwa tingatinga.

Nakuru ni kipimo kizuri cha hoja hii, maana ilizaliwa na reli ile ile, mwaka 1900, na ina Milimani yake. Tofauti ni kilichoizunguka. Haikuzungukwa na mashamba ya koo bali na mashamba makubwa ya walowezi, na baada ya uhuru kampuni za kununua ardhi ziliyachukua kwa hisa na kuyagawa. Kampuni ilimleta serveya akate shamba zima kwa mpigo mmoja, hivyo mitaa iliyotokana nayo ina mistari iliyonyooka hata pale ploti zilipokuwa ndogo mno. Lililokwenda kombo huko ni jingine: wakurugenzi wa kampuni waliuza nafasi za shule na soko, na wanahisa wakabaki na cheti cha hisa badala ya hati. Mji wenyewe umebanwa na volkano ya Menengai kaskazini na uzio wa mbuga ya Ziwa Nakuru kusini, ukatambaa mashariki na magharibi kufuata barabara kuu. Upande wa magharibi, Kaptembwa na Rhonda, majivu ya volkano hufunguka nyufa baada ya mvua kubwa, kwa hiyo pale swali la kwanza kabla ya msingi huwa ni la udongo. Hadhi ya jiji ya Desemba 2021 haikubadilisha lolote kati ya hayo.

Katiba ya 2010 na kaunti za 2013 zilihamisha upangaji kutoka Nairobi hadi Kisumu kwenyewe. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilileta bodi ya jiji, mkopo wa Ufaransa ukagharimia Mradi wa Miji wa Kisumu, na mradi wa kuboresha mitaa duni ukafungua baadhi ya njia Nyalenda, Manyatta na Obunga, ukaweka mitaro na taa ndefu za mulika mwizi. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, njia pana za miguu zilitandazwa kabro Oginga Odinga Street. Kazi hiyo ni nzuri na inatumika. Lakini tazama ilipofanyika kwa urahisi: ndani ya mpaka wa zamani, ambako barabara tayari ilikuwa ya umma na kilichohitajika ni kunyang'anya magari nafasi ya kuegesha. Kilomita moja ya barabara ya mita 9 ndani ya Manyatta ni ekari mbili na zaidi za kununua kutoka kwa makumi ya wenye hati, na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 40, inadai walipwe kwa haki na bila kucheleweshwa.

Kinachokuja kinahusu Milimani. Bangalo za zamani zinabomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maghorofa, kaya ishirini au zaidi katika ploti iliyowekewa bomba la maji taka la familia moja. Ila hati za huko zina tarehe ya mwisho. Nyingi ni za miaka 99, na zile zilizotolewa miaka ya 1920 na 1930 zinaisha sasa. Anayetaka kuongezewa muda huomba chini ya kanuni za 2017 za kuongeza muda wa hati, na kaunti huulizwa maoni kabla ya uamuzi. Hapo kaunti inaweza kuweka sharti: mita tatu za mbele zitolewe kwa ajili ya njia ya miguu, au mwenye ploti achangie bomba kubwa zaidi kabla ya kupewa kibali cha ghorofa. Mwenye hati ya kudumu ng'ambo ya Ring Road hana siku kama hiyo, wala hana haja ya kuomba. Kwa hiyo dirisha liko upande mmoja tu, na litafunguka ploti kwa ploti katika miaka michache ijayo. Ofisi isiyo na orodha ya hati zinazokwisha muda na tarehe zake itapiga muhuri ombi la kwanza, la pili, na mtaa mzima utakuwa umeongezewa muda kwa masharti yale yale ya bangalo.